Masharubu ya Fundi

Kituo chetu cha basi kinaitwa Kwa Fundi, na fundi mwenyewe ni shangazi yangu. Ndiye aliyechimba mtaro na kulaza mabomba mpaka maji yakapanda kilima, wakati wakubwa wa mji walikwisha sema hayapandi. Basi kamati ya mtaa ilipotangaza kwamba atachorwa kwenye ukuta wa tangi, nilivaa koti langu la mahafali ya shule ya jioni, nikamshika mkono, tukaketi mstari wa mbele. Macho yake siku hizi yanaona ukungu tu.

Mwenyekiti akavuta pazia.

Ukutani alisimama dume la mtu, spana begani, masharubu kama mkia wa farasi.

"Nimetokaje, mwanangu?" shangazi akauliza.

Nilimgeukia mchoraji. "Huyu nani?"

"Fundi, mzee wangu. Niliuliza mtaa mzima. Wote walisema alikuwa mrefu, mabega mapana, mkali kama pilipili, hakuna nati iliyomshinda."

"Hakuna aliyekwambia ni mwanamke?"

"Mwanamke?" Brashi ikamdondoka. "Walisema 'alikuwa mrefu' tu!"

Kweli. Ukisema "alikuwa mrefu" umesema yote isipokuwa hilo, na kila mzee alidhani hilo linajulikana.

Mwenyekiti akaninong'oneza, "Tuyaache, mzee. Si haoni? Mwambie amependeza."

Yaani aende kaburini akifurahia picha ya mtu mwingine!

"Shangazi, wamekuchora mwanamume. Una masharubu."

Akapapasa mdomo wake wa juu, kana kwamba yameota. "Masharubu? Marehemu mume wangu mwenyewe alikuwa na vinywele vitatu!"

Akauelekeza uso ukutani.

"Rangi imekauka?"

"Bado, bibi," mchoraji akajibu kwa sauti ndogo.

"Nipelekeni."

Nikamfikisha, nikamwekea kiganja chake chini ya ile pua ya ukutani. Akasugua kama anayetoa grisi kwenye bomba, mpaka weusi ukaenea hadi sikioni. Kisha akampa mwenyekiti mkono uleule, akaubana wake.

"Ahsante kwa sherehe, baba." Akamgeukia mchoraji. "Na wewe, hapo sikioni weka hereni. Sikuzivua hata mtaroni."