Usingizi wa Kidawa Mchambua Sufi

Jumatatu asubuhi Kidawa alikuwa barazani pa duka la magodoro la Fundi Shaame, Darajani, anachambua sufi, kanga kajifunga puani, alipoinua kichwa akasema, "Fundi, hilo mna mbegu."

Godoro lenyewe lilishashonwa, limo juu ya gari la hamali, linakwenda Shangani kwa bwana mmoja mkubwa wa forodha. Kidawa hakuligusa. Alikuwa anajikuna bega. "Upande wa kichwani, kushoto. Moja tu."

Shaame alifumua, akapekua, akatoa mbegu moja nyeusi, kama punje ya pilipili manga. Hakushangaa, wala hamali hakushangaa. Hamali alitaka kuondoka tu kabla jua halijawa kali.

"Jana umelala?" Shaame akauliza.

"Hata lepe la usingizi sikupata."

"Basi ndiyo hivyo," akasema, akatunga uzi.

Nani asiyejua kuwa mtu aliyekesha ngozi yake huwa kama imemenywa? Mbu akipita mbali anawashwa, kidole kikigusa mlango anaona kimevunjika. Kwa Kidawa jambo hilo lilikwenda mbele kidogo. Akikesha usiku mmoja, alihisi mbegu iliyomo dukani. Akikesha miwili, alihisi pini ya nywele iliyosahauliwa kitandani Malindi. Siku ya tatu mke wa karani wa Vuga alituma mtu aulize ni kitu gani kinamkera kiunoni. Kidawa akajibu, huku anajikuna kiuno chake, "Kifungo cha kanzu ya mumewe. Atazame chini ya shuka." Kikaonekana, na mke wa karani akalala fofofo.

Mji ukazoea kulala, na mwasho wa kila kitanda ukabaki kwa Kidawa. Shaame akapata wateja mpaka wa Bububu. Na kwa kuwa si mjinga, kila jioni akawa anampa Kidawa chupa ya kahawa na gunia la sufi akachambue kwake Jang'ombe, ili asifumbe macho. Godoro hakumpa. Kidawa alijilaza kwenye kitanda cha kamba, juu ya mkeka mkongwe, manyoya ya sufi yanaelea chumbani na kumtua shingoni.

Yote hayo angeyavumilia. Lililomtia uchungu ni Wanu, bintiye wa miaka mitano. Mtoto yule alipenda kukumbatia kupita kiasi. Alikumbatia kuku, nguzo, hata wageni. Sasa mkono wake ukimgusa mama yake, ulichoma kama pasi ya makaa.

"Usinshike, mwanangu."

"Nkushike wapi, basi?"

Kidawa akatafuta mwilini mwake mahali pasipouma, akapakosa. Akalia, na machozi nayo yakamwasha.

"Shoga, wewe huna maradhi," akasema Mwatum, jirani yake. "Una deni la usingizi wa mwaka mzima. Kamwombe fundi wako godoro, hata la mabaki."

Akaenda kuomba. Shaame alicheka, tena bila ubaya wowote. "Bi Kidawa, ukilala wewe, nani atalala mjini?"

Ijumaa moja, Shaame alipokwenda msikitini, Kidawa alibaki dukani na Wanu. Palikuwa na godoro jipya la bibi harusi wa Kiponda. Akalikalia kulijaribu, kama ilivyo kazi yake. Akaegemea kidogo. Akalala.

Papo hapo mji ukaanza kujikuna. Mwasho wote aliokuwa akiwabebea watu ulirudi kwa wenyewe. Bwana wa forodha alijikuna msikitini mpaka kofia ikamwanguka. Mke wa karani alitumia mwiko. Bibi harusi akaharibu hina ya mikono yote miwili.

Dukani, Wanu alimgusa mama yake kwa kidole. Mama hakushtuka. Mtoto akaweka kiganja. Kisha akapanda godoroni, akamlalia kifuani, mkono shingoni. Kidawa, usingizini, alihisi uzito wa mwanawe na si kingine, akamzungushia mkono.

Alasiri watu walifika, wote wa heshima zao, wakasimama barazani wanajikuna.

"Maskini, kalala vizuri," akasema mke wa karani. "Tumwacheni kidogo."

Wakamwachia muda wa kunywa kikombe kimoja cha kahawa. Kisha Shaame akainama.

"Bi Kidawa, samahani. Watu wanawashwa."

"Naam," akasema Kidawa, akafumbua macho. Mkono wa Wanu ukaanza kumchoma, akautoa polepole.

Walimshukuru sana, mmoja mmoja, wakaenda zao kulala. Watu wa harusi walilipiga godoro fimbo mpaka bonde la watu wawili likaondoka, wakalichukua. Jioni ile Shaame, kwa wema wake, alizidisha tangawizi kwenye kahawa.

Kidawa akajitwika gunia, wakashika njia ya kwao Jang'ombe. Wanu alinyoosha mkono, akakumbuka, akashika pembe ya gunia.