Mwanandani Kwenye Mtaro wa Kanisa

Miaka ishirini na sita nimesema kwamba kanisa la Wajerumani la njia ya Bungu lilijengwa na watu wetu kwa kiboko, na waliokufa kazini wakafukiwa papo hapo kama mbwa. Nimesema kijijini, nimesema wilayani, nimesema mbele ya mapadri watatu. Wote walinijibu nilete ushahidi.

Mwaka huu maji ya masika yaliingia hadi madhabahuni, ukuta ukapasuka, ikabidi mtaro wa zamani ufukuliwe na kupanuliwa. Kwa kuwa jengo ni la kale, akaletwa mtaalamu, Bi Yasmini, asimame juu ya wachimbaji na kuandika kila kitakachotoka udongoni. Nami nikawa naenda kila siku, nakaa juu ya tofali. Siku nane zilitoka chupa na misumari. Wachimbaji wakaniita mkaguzi, wakinirushia vizibo vya chupa ili nikaandamane navyo.

Siku ya tisa fundi Talib akaweka sururu chini. Mifupa. Kichwa mashariki, mwili umelalia ubavu wa kulia, uso kibla, ndani ya kishimo kilichochongwa ubavuni mwa kaburi.

"Mwanandani huo," Talib akasema taratibu. "Mkristo hazikwi hivi."

Kama mbwa, nilisema miaka yote. Kumbe wenzake, baada ya kutwa ya kubeba mawe, walipata nguvu ya kumchongea mwanandani.

Padri hakubisha. Alisema mtaro utapita upande mwingine na masheikh waitwe. Nilikuja na ugomvi wangu umeiva, nikakosa wa kumtupia.

Bi Yasmini akafungua daftari. Akaeleza kuwa mifupa haisemi jina, ila ripoti ina nafasi ya kauli ya wenyeji; jina likiingia humo, limeingia.

"Haya, mzee wangu. Waliozikwa hapa ni kina nani?"

Nikamtajia Mjerumani, waliyemwita Bwana Kiboko. Nikamtajia nyapara wake, Haidari, na kijiji alichotoka. Mwaka. Idadi ya fimbo.

"Hao ni wapigaji. Waliokufa?"

Bibi yangu alikuwa akiwataja mmoja mmoja, huku anapepeta mchele. Nami kila mara nilimkata kauli: kiboko alikishika nani?

Talib alishuka akaifunika mifupa kwa shuka. Bi Yasmini alikuwa bado ananingoja.

"Andika hatuwajui," nikasema. "Halafu andika jina langu, kwamba mimi ndiye niliyeambiwa."