Mzizi Usiofika Chunguni

Shakila aliruka kutoka kwenye bodaboda kabla haijasimama sawasawa, maana pale njia ya Mnyambe inapoingia mikoroshoni alimwona bibi yake, Bi Anifa, anatoka porini na mzizi mkononi.

"Bibi, shikamoo! Weee, nina habari!"

Bibi kimya. Shakila akacheka. Mchimba dawa haitikii salamu mpaka mzizi uingie chunguni. Akiitikia, dawa imekufa. Basi akamfuata nyuma, mdomo haufungi.

"Usijibu, sikiliza tu! Huo mzizi wako wa mkojo, chuoni tumeupekua kwenye kompyuta. Kila kilichomo ndani yake tumekipambanisha na wadudu wa kibofu. Kile cha kwanza nilishawaambia kwenye simu, sasa tumepata cha pili! Kinambana mdudu, hafurukuti! Maabara bado hatujaingia, lakini utavuma wewe bibi!"

Bibi akazidisha mwendo.

"Unamchimbia nani lakini? Mzee gani tena kabanwa?"

Bibi akakata kona, akaingia nyumbani kwa mwanawe Jafari. Kwa baba yake Shakila.

Kicheko kikamkauka mtoto wa watu. Uani chungu kilikuwa kinatokota. Bibi alikipita, akaingia kwanza ndani kumwona mwanawe. Mama alikuwa amekaa kizingitini, khanga kaikunja mapajani.

"Tangu ulipotuma ile sauti yako kwenye simu," akasema mama, hamtazami. "'Mzizi wa bibi unatibu mkojo, kompyuta imesema!' Daktari alishamwambia baba yako ni tezi dume, aende Masasi akawekewe mpira wa mkojo. Akagoma. Akasema, binti yangu kasoma, kompyuta yake haiwezi kudanganya."

"Mama, mimi nilisema wadu..." Akaikumbuka sauti aliyotuma. Hakusema wadudu. Alisema mkojo, tena kwa vigelegele. "Tezi dume mzizi hauiwezi, mama! Mbona hamkuniambia anaumwa?"

"Mkojo wa baba, anaambiwa binti?"

"Nimwite bodaboda! Hajafika mbali, tumpeleke sasa hivi!"

Bibi akatoka ndani, maneno yote kayasikia, nyuma yake Jafari anagumia. Akaenda mpaka kwenye chungu, akasimama, mvuke unampiga usoni. Mzizi bado ulikuwa mkononi, una udongo wake. Vidole vikauachia, ukaanguka mchangani.

Akageuka, akamtazama Shakila.

"Marahaba, mjukuu wangu."