Ziwa la Tatu

Orodha ilianza na ndoano na ikaishia na ndoano, maana Mzee Wino hakuwaamini samaki wa milimani. "Wale wanakaa kwenye maji baridi, wana akili ya kutulia," alisema, na binti yake, fundi saa, akaandika ndoano mara ya pili bila kubisha. Walikuwa sebuleni, ramani imetandazwa mezani na pembe zake zimebanwa kwa vikombe. Wangeondoka Ijumaa. Siku ya kwanza wangefuata mto na kulala kwenye ziwa la kwanza, siku ya pili kwenye ziwa la pili, na siku ya tatu wangepanda mpaka ziwa la tatu, lililo juu kabisa, wapige hema na kuvua mpaka mikono ichoke.

Ramani hiyo aliichora mzee mwenyewe, enzi za kazi yake katika ofisi ya ramani, na jina la Wino alilipata hukohuko. Aliuchora mlima mzima bila kuukanyaga, kwa kutazama picha zilizopigwa kutoka kwenye ndege. Sasa alikuwa amebakiwa na jicho moja. La kushoto lilikwisha kuzima, na daktari alisema la kulia nalo halimalizi mwaka. Ndiyo maana safari hii haikuwa ya kuahirishwa.

"Baba," alisema binti, kalamu ikiwa imesimama. "Siku ya tatu madumu manne ya maji? Tunakwenda ziwani au jangwani?"

Mzee alijikuna kidevu, akavisogeza vikombe ambavyo havikuhitaji kusogezwa.

"Mwanangu, hilo ziwa sina hakika nalo."

Akaeleza, na ilionekana wazi kwamba jambo hili lilikuwa limemkaa kooni kama mwiba wa samaki. Kazini kwao kulikuwa na mwiko mmoja: usitie buluu ya maji kwa picha moja. Kila mahali palipigwa picha mbili, ndege ikisogea kidogo kati ya moja na nyingine, na mchoraji alizitazama zote pamoja kwa macho mawili ndipo aamue hiki ni kilima na hiki ni bonde. Picha ya pili ya kule juu ilikuwa imepotea, na mkuu wa ofisi alikuwa anaidai ramani yake. Wino akaona doa jeusi, mto unatokea humo. Akasema ni maji, akatia buluu.

"Huenda kilikuwa kivuli cha wingu," alisema. "Miaka thelathini na moja sasa. Wamelinakili mpaka kwenye vitabu vya shule."

Hii ilikuwa kabla ya simu za kiganjani kuanza kutuonyesha mapaa ya nyumba zetu. Ukitaka kujua kama ziwa lipo, ilibidi uende, au uwe na picha mbili. Mzee akavuta bahasha kutoka chini ya mto wa kiti. Mtunza ghala wa ofisi alikuwa amelihamisha kabati, akaikuta ile picha ya pili nyuma yake, akamletea pamoja na ya kwanza.

"Nimekaa nayo wiki nzima," alisema. "Jicho moja haliwezi kazi hii. Na kukuomba wewe niliona haya."

Binti akavuta kiti. Alizipanga picha mbili kama alivyoelekezwa, akasimamisha juu yake kidude cha kazi cha baba yake, cha lenzi mbili na miguu ya chuma, akainama.

"Mbona naona picha tu?"

Mzee akacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Fumbua na la pili, fundi. Hapa si dukani."

Kumbe alikuwa amefumba jicho moja, kama anavyofanya kutwa nzima juu ya saa za watu. Akalifumbua. Picha zikagombana kwanza, zikapandana, zikaachana. Kisha zikashikana, na mlima ukasimama.

Akashika ukingo wa meza. Bonde lilikuwa limeanguka chini yake, mbali kweli, na kilele kimemjia karibu na kope mpaka akarudisha kichwa nyuma asijigonge. Miti ilikuwa na urefu. Mto ulipita chini kabisa kati ya kuta za mawe, na ziwa la kwanza lilitulia mahali pake, na la pili ngazi moja juu yake. Ramani ile ilikuwa ukutani tangu utoto wake, naye siku zote aliiona ni karatasi. Sasa alikuwa na hofu, na hofu yenyewe ilikuwa tamu, hakutaka iishe.

"Ulikuwa unauona hivi kila siku?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Kila siku. Halafu narudi nyumbani, mnaniuliza mbona nimenyamaza." Mzee akasogea karibu naye. "Haya, panda juu. Lile doa limelala au linaelea? Maji hulala. Kivuli hutembea na wingu kati ya picha na picha, kwa hiyo hapo utakiona kimening'inia hewani."

Alipanda kwa macho, jabali kwa jabali, akafika. Doa jeusi lilikuwa limetanda juu ya mawe bila kuyagusa, na chini yake unaona kabisa kuna nafasi. Angeweza kusema limelala, na mzee angelala usingizi mzuri usiku huo. Lakini njia ya mwongo ni fupi, na hii ilikuwa ya siku tatu tu.

"Linaelea, Baba."

Mzee alitikisa kichwa taratibu. Akaivuta orodha, akaisogeza karibu na jicho lake zima, akaanza kuifuta siku ya tatu. Mstari ulikwenda kombo.

Binti hakuweza kumtazama. Akafanya anachofanya kazini mambo yakimshinda: alitoa mfukoni lenzi yake ya kubana jichoni, akafumba jicho la pili, akaikagua ile picha iliyokuwa imepotea, peke yake, pale mto ulipotokea. Mto hautoki kivulini. Lazima ulikuwa na kwao.

Katika picha hii kivuli kilikuwa kimesogea kidogo. Na pale kilipopisha palikuwa na kitu kisichozidi kichwa cha skrubu ya saa, cheusi, chenye ukingo safi, na uzi mweupe wa maji ukimwagika kutoka mdomoni mwake.

"Baba, lete jicho."

Alimbania lenzi mwenyewe, akamshika kichwa kwa mikono miwili na kumwelekeza. Mzee alitazama muda mrefu. Lenzi ikajaa machozi. Binti akaifuta kwa upindo wa nguo, akairudisha, akamshika tena.

"Ziwa lilikuwa chini ya kivuli," alisema mzee. "Miaka yote hiyo lilikuwa chini yake."

"Chukua kalamu, urekebishe ramani."

"Kwa picha moja tena?" Mzee akamgeukia, lenzi bado imemganda jichoni. "Sirudii. Safari hii buluu nitaitia miguu ikiwa imelowa."

Akaivuta orodha, akaiandika upya siku ya tatu chini ya mstari uliokwenda kombo. Madumu aliyaacha manne. Na chini kabisa, baada ya ndoano za pili, akaongeza kwa herufi kubwa za mtu anayeona kwa shida: kalamu ya buluu.