Ufa wa Mkaa

Tangu asubuhi ile mjomba alipotia chumvi kwenye chai na asigundue hadi alipoionja, mpwa wake hakuwa na raha. Macho ya mzee yalikuwa na jambo. Na macho hayohayo ndiyo yaliyoliandikia "salama" daraja la barabara kuu kila mwaka, daraja ambalo basi la shule la mapacha wa mpwa huyo lililivuka mara mbili kwa siku.

Wote wawili walikuwa wakaguzi wa madaraja, yeye mwaka wa tatu, mjomba wa thelathini. Kazi yenyewe ni macho tu: unapanda ngazi, unatazama, unaandika. Akafukua fomu za zamani. Miaka mitano, maneno yaleyale. Mzee ananakili, akajisemea. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Lakini hapa kifo kingewaumbua watoto wa watu.

Basi akatega mtego. Jumatatu alitangulia peke yake, akaikagua boriti moja baada ya nyingine, akaridhika. Kwenye boriti ya tatu akachora ufa kwa mkaa, urefu wa mkono mzima, wenye mapindo. Ulipendeza hadi ukamtisha mwenyewe.

Jumanne mjomba akapanda ngazi taratibu, akigonga zege kwa nyundo na kulipapasa. Kwenye boriti ya tatu alikaa kitambo kirefu.

"Umeona chochote, Mjomba?"

"Wewe je, mama? Jana si ulikuja?"

Nani kamwambia? Pengine mlinzi, mdomo wake haufungwi.

"Nimezikagua zote. Hakuna kitu."

"Haya. Andika ulichoona, utie sahihi. Mimi nitaandika changu."

Mpwa akaandika "salama". Kisha akamwandikia mkuu wa ofisi barua: mkaguzi huyu haoni, aondolewe. Iliandikika haraka kuliko alivyotarajia, na hilo lilimtia aibu kidogo.

Alipoingia kwa mkuu, barua mkononi, alimkuta kwenye simu akiamuru daraja lifungwe. Mkuu akamsogezea fomu ya mjomba, imeandikwa:

"Boriti ya tatu. Ufa wa chini ni mkaa, upuuzwe. Shubiri moja juu yake, ndani ya doa la maji, upo ufa wa kweli, mpya. Ukucha unaingia. Nyundo inalia utupu. Magari yasipite leo."

Chini yake ilikuwa fomu ya mpwa mwenyewe, na sahihi yake nzuri.

Mjomba alikuwa amekaa kwenye benchi nje, ncha ya kidole chake bado nyeusi.

"Basi la watoto limerudishwa," akasema. "Wako shuleni, wazima."

Akaketi kando yake. "Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuuliza." Akageukia mahali karatasi ilipochakarisha. "Hiyo barua ni ya mkuu? Hebu nisomee, mama. Macho yangu kweli hayafai tena."

Akaisoma yote, mpaka sahihi.