Kochi la Mgeni wa Heshima

Baba yangu hakuwahi kwenda popote kama mtu tu. Msibani alikwenda kama mwenyekiti wa matayarisho. Harusini alikwenda kama msemaji wa ukoo, hata ukoo wenyewe ukiwa si wetu. Mzee Ndambuki alikuwa karani wa reli mstaafu, mzee wa kanisa, na zaidi ya yote mwenyekiti wa kamati ya ukumbi wa mtaa wetu wa Kaloleni. Ufunguo wa ukumbi ulining'inia kifuani pake, ndani ya shati, kwa kamba ya kiatu. Alioga nao.

Kwa hivyo nilipomwomba twende pamoja kuitazama bendi ya Makaa, hakuniuliza ni bendi gani wala inapiga muziki gani.

"Nitakwenda kama nani?"

"Kama baba yangu."

Akanicheka kwa huruma. "Mwaitu, hicho si cheo."

Huniita mwaitu, yaani mama kwa Kikamba, kwa sababu nimebeba jina la mama yake, Ndindi. Akinikasirikia huniita Ndindi, na hapo huwa najua kwamba bibi ameondoka chumbani na nimebaki peke yangu.

Makaa ilikuwa bendi ya roki, na katika Kaloleni ya mwaka wa tisini na nne roki ilichukuliwa kama hitilafu ya umeme. Majirani walipoisikia mara ya kwanza walizima redio zao. Mwimbaji alijiita Radi. Jina lake la ubatizo lilikuwa Patrobas, lakini huwezi kutisha serikali ukiitwa Patrobas. Alivaa mnyororo wa baiskeli shingoni na jaketi jeusi la plastiki lililomchemsha kama kiazi, na kila onyesho alivunja kiti kimoja. Aliimba kwa Kiingereza ambacho hata Waingereza wangekihitajia mkalimani. Niliipenda bendi hiyo kama wengine wanavyopenda timu ya mpira inayofungwa kila Jumapili: kwa uaminifu na kwa hasira.

Siku moja nilimwambia, "Patrobas, unanguruma kwa lugha ya watu. Wewe mwenyewe hujui umekasirikia nini."

"Manze, roki ni ya Kizungu."

"Hasira je?"

Akafikiri. Jambo hilo lilimchukua muda. "Basi niandikie wewe. Si ndiwe uko na diploma?"

Nilikuwa nayo, ya uandishi wa habari, imetundikwa ukutani karibu na kalenda ya kampuni ya mbolea. Kazi sikuwa nayo. Maneno nilikuwa nayo mengi. Nikamwandikia wimbo nikauita "Ufunguo". Kiitikio chake kilikuwa hiki:

*Umefunga mlango, umekalia ufunguo,*
*kisha watuuliza mbona tunakaa nje.*

Mtaa mzima ulijua ni nani anayeambiwa. Ukumbi wetu ulijengwa na wakoloni ili wafanyakazi wa reli na wa baraza la jiji wapate mahali pa kucheza dansi, na mkoloni, pamoja na maovu yake yote, aliuacha wazi. Baba aliufunga mimi nikiwa shule ya msingi, mara tu mpira ulipovunja kioo kimoja cha dirisha. Tangu hapo ulifunguliwa kwa matanga, kwa harusi na kwa wazee kucheza drafti. Kila jioni Baba alikaa barazani akiwatazama vijana waliojipanga ukingoni mwa mtaro, akatikisa kichwa. "Vijana wa siku hizi," alisema, "hawana la kufanya." Ufunguo uligonga kifungo cha shati lake kila alipotikisa.

Nilijaribu kumweleza. Nilijaribu wakati wa chakula, kwa heshima na kwa mifano. Alinisikiliza mpaka katikati, akasema, "Mwaitu, hebu nisogezee chumvi."

Ndiyo sababu nilitaka aje. Sikutaka ukumbi, sikutaka jina langu litajwe. Nilitaka kitu kimoja: Baba aketi mahali ambapo hawezi kuomba chumvi, ausikie wimbo wangu wote, kama nilivyouandika, mpaka mwisho.

Aliyevumbua njia ni Job, mpiga gitaa wa Makaa, kijana mkimya anayefikiri kwa vidole. "Mfanyeni mgeni wa heshima," alisema.

Baba aliposikia cheo hicho alivaa tai ndani ya nyumba. Ukumbi, uliokuwa haufunguki kwa ajili ya vijana, ukafunguka. Kibali cha chifu, ambacho siku hizo kilihitajika hata watu watatu wakitaka kucheka pamoja, alikipata yeye mwenyewe. Aliweka masharti yake tu. Onyesho lianze kwa sala. Wageni watambulishwe. Kelele zote ziishe kabla ya saa kumi na mbili jioni. "Na huyo kijana wa kuvunja viti," akasema, "aje na kiti chake kutoka kwao."

Patrobas akaja na kiti kutoka kwao. Mama yake alikuwa amekifunga utepe mwekundu ili kisipotee.

Hivyo ndivyo nilivyoitazama bendi ninayoipenda, Jumamosi mchana, jua likimulika jukwaa lote kama kliniki. Mbele kabisa, hatua chache kutoka spika, lilikuwa kochi letu. Vijana wanne walikuwa wamelibeba kutoka sebuleni petu, likiwa limevaa vitambaa vyeupe alivyofuma Mama, kimoja cha mgongo na viwili vya mikono. Pembeni palikuwa na stuli yenye maua ya plastiki na soda iliyotumbukizwa mrija. Baba aliketi katikati. Mimi niliketishwa kando yake, kwa kuwa binti wa mgeni wa heshima naye ni fanicha ya aina fulani.

Nyuma yetu ukumbi ulijaa. Walikuwapo wa Kaloleni wote wa mtaroni, na vijana wa Kiamaiko waliotoka moja kwa moja machinjioni na mabuti yao ya mpira. Walikuja kutikisa vichwa. Kwanza wakasimamishwa kwa sala. Kisha msema chochote, kijana mmoja aitwaye Bedan, akawatambulisha wazee, wake wa wazee, na mzee mmoja ambaye hakuweza kuja. Kisha Baba akahutubia. Alieleza historia ya reli.

"Buda, piga breki!" mtu akampigia mzee kelele kutoka nyuma.

"Nani huyo?" Baba akauliza.

Kwenye ukumbi uliojaa waasi watupu, hakuna aliyekuwa amesema kitu.

Hatimaye Makaa wakatokea. Job akaligusa gitaa na madirisha yakatetemeka. Radi akaruka jukwaani, mnyororo ukimpiga kidevu, akafungua kinywa kunguruma. Ndipo macho yake yakatua juu ya vitambaa vya Mama.

"Shikamoo, mzee," akasema kwenye kipaza sauti.

Neno hilo, ambalo Kaloleni hulisikia kutoka kwa wanasiasa peke yao, lilizunguka ukumbini mara tatu kwa sababu mitambo ilikuwa imewekwa mwangwi.

"Marahaba, kijana," Baba akajibu. "Endelea."

Radi akavua mnyororo, akautia mfukoni.

Nyimbo tatu za kwanza zilikuwa za Kiingereza, na Baba alifurahi sana kwa kuwa hakuelewa neno. Kiatu chake kilichopakwa rangi kilianza kugonga sakafu. Aliniinamia akaniambia sikioni, "Mwaitu, wana nguvu hawa. Wangeweza kubeba magunia." Nilimtazama usoni. Sikumbuki kama kabla ya siku hiyo niliwahi kumwona Baba akitikisa kichwa kwa kukubali. Kwa dakika chache alikuwa mtu tu, aliyekuja na binti yake kusikiliza gitaa, na mimi nikafurahi hadi nikaogopa.

Kisha Job akaanza "Ufunguo". Ukumbi ukalipuka. Kila mmoja aliujua. Waliuimba mtaroni tangu Pasaka, na Baba akipita waliugeuza kuwa mluzi. Nikashika ukingo wa kochi.

Radi akafumba macho, akaimba:

*Umefungua mlango, umeshika ufunguo,*
*nasi twakushukuru, baba, tunakaa ndani.*

Sauti ileile. Hasira ileile, mishipa ya shingo imesimama. Alikuwa akishukuru kwa kunguruma.

Baba akainuka. Akatoa leso mfukoni, akaipunga. Ukumbi mzima, wale wa mtaroni, wale wa mabuti, wakashangilia. Bedan akapiga vigelegele. Kwenye ubeti wa pili Radi alimtakia maisha marefu, na kwenye wa tatu alitaja reli.

Nikapanda jukwaani.

"Patrobas, hayo si maneno yangu."

"Dada, tulia," akaninong'oneza, akisahau kwamba kipaza sauti kiko wazi. "Buda akikasirika atatufungia. Tutaimba yale mengine siku nyingine."

"Siku gani?"

"Siku asipokuwepo."

Nikamnyang'anya kipaza sauti. Mimi sijui kuimba. Kwaya ya kanisa ilinipa kazi ya kushika milango. Kwa hivyo nilisema tu. Job alinitazama, kisha akaendelea kupiga, polepole, akiniachia nafasi. Nikasema ubeti wa kwanza nikimtazama Baba machoni. Nikasema kiitikio. Ukumbi ulikuwa umenyamaza kiasi cha kusikia mrija ukielea ndani ya soda. Niliporudia kiitikio, buti moja likagonga sakafu kule nyuma. Kisha la pili. Kisha wote, mashujaa wangu, walipohakikisha kwamba radi imekwisha kumpiga mtu mwingine, wakaimba pamoja nami hadi vumbi likadondoka darini.

Baba alikuwa ameketi, leso imelala gotini. Hakuomba chumvi. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akafunga vifungo vya koti, akatoka kwa mlango wa mbele, yeye ambaye hakuwahi kuondoka mkutanoni bila kutoa neno la shukrani.

Alitoka na ufunguo wake. Kwa hivyo hakuna aliyeweza kuufunga ukumbi. Ulilala wazi, na asubuhi hapakuwa na kioo kilichovunjika. Hata Patrobas alikirudisha kiti chake kwao kikiwa kizima, na utepe wake.

Jumapili baada ya ibada Patrobas, Bedan na Job waliitwa nyumbani. Kochi lilikuwa limerudi mahali pake na Baba alikuwa juu yake, bado na tai. Ufunguo aliuvua, akauweka juu ya kitambaa cha mkono wa kochi, sote tuuone. Patrobas alivaa shati jeupe lililochomekwa vizuri. Bedan alikuja na Biblia. Job alisimama mlangoni. Mama akamimina chai bila kunitazama.

"Kamati imekaa," Baba akasema. Kamati ilikuwa yeye. "Imeamua hivi. Ndindi ataomba radhi hapa, mbele ya hawa. Akiomba, bendi itapewa ukumbi kila Jumamosi. Asipoomba, naufunga, na safari hii sifungui hata kwa matanga."

Aliniita Ndindi. Bibi ameondoka.

"Ndindi, sema tu," Patrobas akanisihi. Nusura apige magoti. "Ni neno moja. Kila Jumamosi, manze! Fikiria bendi."

"Mwanangu," Mama akasema, "neno moja halitakukata ulimi."

Baba akaniangalia. Macho yake yalikuwa mekundu, na sauti yake haikuwa tena ya mwenyekiti. "Maneno yale uliyaandika wewe?"

"Kila neno."

"Na mtaa wote uliyajua?"

"Tangu Pasaka."

Akamgeukia Patrobas. Patrobas akatazama ndani ya kikombe. Akamgeukia Bedan. Bedan akafungua Biblia mahali popote tu, akaanza kusoma kimoyomoyo. Akamgeukia Mama, na Mama akaenda jikoni kutafuta sukari iliyokuwa mezani.

"Hakuna hata mmoja aliyeniambia," Baba akasema.

"Mimi nilikuambia, Baba. Ukaomba chumvi."

Kidole chake kiliusogeza ufunguo, kikaurudisha. Nilimwonea huruma, sikatai. Aliketi kwenye kochi lile jana akipunga leso, na kila aliyempigia makofi alikuwa amemcheka miezi yote ile. Wangeendelea kumcheka na kumshukuru hadi kaburini, na pale kaburini Bedan angekuwa msema chochote.

"Uliniaibisha nikiwa mgeni wa heshima," akasema hatimaye.

"Nilikualika uje kama baba yangu."

Job akakohoa mlangoni. Nilimtazama, nikaona kila Jumamosi ile, madirisha yakitetemeka, bendi yangu ikiimba chini ya paa. Nikaona pia ingeimba nini. Ingemshukuru mzee.

"Basi omba radhi tuyamalize," Baba akasema, karibu kwa upole. "Mwaitu."

Alijua analofanya alipolitumia jina hilo. Nikaweka kikombe changu chini.

"Siombi radhi, Baba. Leo siombi, na Jumamosi siombi."