Nyeusi Iache

Mlango wa tanuri ulikataa kufunguka. Mama Moshi aliuvuta kwa mkono wa kulia, ukaguna tu. Akaongeza wa kushoto, ule uliovunjika na kuungwa ukiwa umepinda kidogo, na bawaba zikalia kama mbuzi aliyekanyagwa. Harufu ya pango ikamvamia. Ukungu ulikuwa umetanda juu ya chekeche zote tatu za kupangia samaki kama pamba iliyolowa, na chini, mahali pa kuwashia moto, palikuwa na kidimbwi cha maji ya kahawia na konokono mmoja aliyejiona yuko kwake.

"Hodi," Mama Moshi alimwambia konokono. "Mwenye nyumba amerudi."

Tanuri lenyewe lilikuwa pipa la mafuta lililosimamishwa juu ya matofali nyuma ya nyumba, na bomba fupi la kutolea moshi juu yake. Kwa miaka ishirini na mbili alikuwa akikaushia samaki humo, mpaka jina lake la kuzaliwa likasahaulika. Kisha akateleza kwenye ngazi, akavunjika mkono, akakaa kwa binti yake mkubwa masika mawili. Mvua zote hizo zilichuruzika kutoka kwenye bati la nyumba moja kwa moja hadi kwenye pipa.

Asubuhi hiyo mwanawe wa kiume alimwambia, macho yakiwa kwenye kikombe cha chai, kwamba amefanya kazi vya kutosha. Mnunuzi wa vyuma chakavu angekuja saa tisa kulichukua pipa, na pale pangewekwa tangi la maji. Hakuwa na ubaya, alitaka mama yake apumzike. Lakini Mama Moshi alilijua pumziko hilo. Alikuwa amelionja kwa binti yake: kukaa kwenye kiti tangu asubuhi na kuulizwa kama amekunywa dawa.

Hakubishana. Aliomba jambo moja tu: mnunuzi akija, alikute limesafishwa. Kama halifai, alichukue. Mwanawe alikubali haraka, kama watu wanavyomkubalia mgonjwa, akaenda kazini.

Basi akajifunga kitambaa puani, akamhamishia konokono kwenye majani, akamwaga maji. Ukungu hakuuosha. Aliwasha moto mkali wa kuni kavu, mlango ukiwa wazi, akauacha ule kila kitu mpaka ile pamba ikageuka majivu. Pipa lilipopoa kiasi cha kugusika, akaanza kukwangua kutu kwa brashi ya waya.

Mke wa mwanawe akatoka jikoni, akafunga kanga vizuri na kuchukua msasa bila kuombwa. Alianza na upande wa ndani wa mlango. Alisugua kwa moyo wote, na punde chuma kikang'aa kama sufuria mpya.

"Mama, tazama," alisema kwa fahari.

Mama Moshi alitazama, brashi ikamdondoka.

"Mwanangu, acha. Acha kwanza." Alimshika kidole, akakipitisha ukutani mwa pipa. "Hii nyekundu ni kutu, kwangua. Ukiona nyeupe imebaki, ni ukungu, tuchome tena. Nyeusi iache. Hiyo ni ngozi yake. Nimeipaka mafuta na moshi tangu mumeo hajaota meno."

Mkwe alikodolea macho lile doa linalong'aa, kubwa kama sahani. "Kwa hiyo hapa nimelichuna?"

"Umelichuna. Lakini usijali, ngozi huota."

Wakacheka mpaka wakakohoa majivu. Kisha wakarudi kazini, mkwe akiuliza kila hatua: hii nyekundu au nyeusi, Mama? Hii je?

Karibu saa saba wakafika chini, mahali maji yalipokuwa yametuama. Kutu ilibanduka kama maganda ya kitunguu, ganda juu ya ganda, na ghafla kidole cha Mama Moshi kikatokea upande wa pili. Tundu lenyewe halikuzidi kifungo cha shati. Akakaa kwenye kigoda. Tanuri linalovuja chini huingiza hewa, na moto wake hautawaliki. Mkwe alisimama akishika msasa kama aliyefiwa.

Kisha Mama Moshi akauliza bolti za kile kitanda cha zamani ziko wapi.

Walikata vipande viwili vya bati, kimoja cha ndani, kimoja cha nje, na bolti ipite katikati. Mkwe alijaribu kuingiza mkono ashike bolti kwa ndani, ukakwama begani. Mama Moshi akaingiza wa kushoto. Ule mkono uliopinda ukafuata mviringo wa pipa hadi chini, kana kwamba uliungwa kwa ajili ya kazi hiyo.

"Kaza," alisema, shavu likiwa limebanwa kwenye chuma. "Kaza tena."

Walipaka mafuta ya kupikia ndani yote, doa lililochunwa likapakwa mara mbili. Wakawasha kuni mbichi kidogo, wakafunga mlango.

Saa tisa mnunuzi, aliyeitwa Kilo kwa sababu ya mizani yake, aliingia na mkokoteni, mwana wa Mama Moshi akiwa nyuma yake, bado na shati la kazini. Kilo hakusalimu sana. Aligonga pipa kwa nondo yake juu, ubavuni, chini, akisikiliza kwa kichwa kilichoinamishwa kama daktari. Akachungulia bolti. Akazunguka akitafuta moshi unapovuja, asiuone popote ila juu ya bomba.

"Bosi," alimwambia mwanamume, "mimi nanunua maiti. Huyu anapumua."

Akageuza mkokoteni, kisha akarudi hatua mbili kumuuliza Mama Moshi samaki watakuwa tayari siku gani.

Mwanawe alibaki amesimama. Aliitazama mikono ya mama yake, myeusi hadi viwikoni, kisha ya mkewe, myeusi vilevile. Akakunja mikono ya shati polepole, akauliza kuni zilizobaki ziko wapi.

Ng'ambo ya ua, jirani aliyegombana na moshi ule miaka yote, akidai mashuka yake si samaki, alitoka mlangoni. Akanusa. Akasimama kidogo, akanusa tena. Halafu akaanza kuanua nguo zake kwenye kamba, moja baada ya nyingine, huku akitabasamu.